Kipuri Kisichopatikana: Sayansi ya Kufufua Umeme wa Magari ya Zamani

Gari lililotimiza umri wa miaka 50 au 60 laweza kufufuliwa. Bodi lake hunyooshwa, injini yake huchongwa upya, na viti vyake hushonwa na fundi wa mtaani. Kazi ambayo aghalabu humshinda mwenye gari ni ile ya umeme. Viwanda vilivyotengeneza dainamo, visanduku vya kudhibiti chaji, mota za waipa na honi za wakati ule vimekwisha kuacha kazi hiyo au vimefungwa kabisa. Kipuri kilichoandikwa katika kitabu cha gari hakipo dukani, na hakitarudi.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulijali jambo hili. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilifika sehemu nyingi za bara ambako magari mengine hayakuweza kufika. Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ilishinda mbio za Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962. Magari ya aina hizi yangalimo katika magereji na nyua za watu, na tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya Safari yaliyotengwa kwa ajili ya magari ya zamani. Anayetaka kuliwasha tena gari la namna hiyo hana budi kutafuta kitu kingine kitakachofanya kazi ya kile kilichokosekana.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kitu kilicholingana na kile cha kwanza kwa umbo chaweza kutofautiana nacho kabisa kwa kazi. Kwa upande mwingine, kitu kisichofanana nacho hata kidogo chaweza kuifanya kazi ile ile vizuri zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutambua ukweli huo kwa kutumia kanuni chache za umeme ambazo hufundishwa katika shule za sekondari.

MASWALI MATATU

Kabla ya kuweka badala ya kipuri chochote cha umeme, yapasa yajibiwe maswali matatu.

La kwanza: kipuri hiki hufanya kazi kwa volti ngapi, na je, kinajali upande wa chanya na upande wa hasi? La pili: hupitisha mkondo wa ampea ngapi, kwa muda gani, na joto linalotokea huenda wapi? La tatu: siku kitakapoharibika, kitaharibika kwa namna gani, na ni nini kitakachoumia pamoja nacho?

Maswali mawili ya kwanza hujibiwa kwa hesabu. Kanuni ya Ohm husema kwamba volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Nguvu katika wati ni volti mara ampea. Joto katika waya hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Swali la tatu halina kanuni moja, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Hata hivyo, ndilo linalotenga kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha, kama itakavyoonekana katika mifano ifuatayo.

FYUZI: NAMBA MOJA, MAANA MBILI

Fyuzi ni kipuri rahisi kuliko vyote, na kwa hiyo hubadilishwa bila kufikiriwa. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, Land Rover ikiwa mojawapo, yalitumia vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas. Fyuzi zake zilikuwa mirija midogo ya kioo, na nyingi ziliandikwa ampea 35. Siku hizi ni rahisi zaidi kupata fyuzi za plastiki zenye meno mawili bapa. Mtu asiyejua atanunua ya ampea 35, atatengeneza kishikio chake, na ataamini kwamba amefanya kazi sahihi.

Kumbe namba hizo mbili hazisemi jambo moja. Katika fyuzi za Uingereza za wakati ule, namba iliyoandikwa ilikuwa ni ya mkondo unaoiyeyusha fyuzi. Mkondo ambao fyuzi iliweza kuupitisha mfululizo bila kuungua ulikuwa karibu nusu yake, yaani ampea 17 hivi. Katika fyuzi za kisasa, namba iliyoandikwa ni ya mkondo ambao fyuzi imeundwa kuuchukua bila kukatika. Kwa hiyo badala ya fyuzi ya zamani ya ampea 35 ni fyuzi ya kisasa ya ampea 15 au, kwa vyovyote, isiyozidi 20.

Kosa hilo laweza kupimwa kwa hesabu. Tuseme waya inayolindwa na fyuzi hiyo ina ukinzani wa omu 0.02. Ikipitisha ampea 17, joto linalotokea ndani yake ni 17 x 17 x 0.02, yaani wati 5.8. Ikipitisha ampea 35, joto huwa 35 x 35 x 0.02, yaani wati 24.5. Waya ambayo imezeeka, na ambayo ganda lake limekauka na kupasuka, hulazimika kubeba joto zaidi ya mara nne ya lile ililokusudiwa, na fyuzi haitakatika. Moto utaanzia nyuma ya dashibodi, mahali ambapo dereva hapaoni.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi fyuzi inapobadilishwa kwa kipande cha waya, msumari, au karatasi ya fedha iliyotoka katika pakiti ya sigara. Betri ya volti 12, ambayo ukinzani wake pamoja na ule wa waya zake ni omu 0.05, huweza kusukuma ampea 240 pale waya inapogusa bodi. Kazi ya fyuzi ni kufa mapema ili vingine vipone. Kitu kisichoweza kufa hakiwezi kuwa badala yake.

CHANYA AU HASI KWENYE BODI

Katika gari, waya moja hupeleka umeme kwenye taa, na bodi la chuma huurudisha kwenye betri. Ncha moja ya betri hufungwa kwenye bodi, na mafundi huiita ncha hiyo ethi. Katika karibu magari yote ya sasa ncha hiyo ni hasi. Lakini magari mengi ya Uingereza yalifunga ncha chanya kwenye bodi. Land Rover ziliendelea hivyo hadi mwaka 1967 au karibu na hapo. Anayetaka kuweka redio, altaneta, au kifaa chochote chenye diodi na transista za kisasa hukutana na kikwazo hiki mara moja, kwa kuwa vifaa vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya hasi kwenye bodi.

Je, gari zima laweza kugeuzwa? Laweza, na njia bora ya kuelewa ni kupitia kila kifaa na kuuliza kama kinajali upande.

Balbu haijali, kwa maana waya yake hupata joto lile lile mkondo upite upande wowote. Starta ya zamani nayo haijali, ingawa wanafunzi wengi hutazamia kwamba itazunguka kinyumenyume. Sababu ni kwamba sumaku zake si za kudumu, bali ni koili zinazopitisha mkondo ule ule unaopita katika sehemu inayozunguka. Mkondo ukigeuzwa, ncha za sumaku hugeuka, na mkondo wa sehemu inayozunguka hugeuka pia. Mageuzo hayo mawili hufutana, na starta huzunguka upande ule ule. Mota yenye sumaku za kudumu, kama zile zilizowekwa katika feni za magari ya baadaye, itazunguka kinyume, na waya zake hazina budi kubadilishana.

Koili ya kuwashia injini inajali kwa namna ya pekee. Cheche huruka kwa urahisi zaidi pale ncha ya kati ya plagi inapokuwa hasi, kwa kuwa ncha hiyo huwa na joto jingi, na elektroni hutoka kwa wepesi zaidi katika metali yenye joto. Betri ikigeuzwa, waya mbili ndogo za koili hubadilishana ili hali hiyo ibaki. Ampmita ya kwenye dashibodi itasoma kinyume, na waya zake hubadilishwa vile vile.

Dainamo ndiyo yenye jambo la kuvutia zaidi. Chuma chake hubakia na usumaku kidogo hata injini ikizimwa, na usumaku huo wa masalio ndio unaoianzisha kazi injini inapowashwa tena. Upande wa usumaku huo ndio unaoamua ncha ipi iwe chanya. Kwa hiyo, baada ya betri kugeuzwa na kabla injini haijawashwa, dainamo hufundishwa upya. Waya ya sumaku, iliyoandikwa F, hufunguliwa kwenye kisanduku cha kudhibiti, na waya nyingine kutoka ncha ya betri isiyofungwa kwenye bodi huigusa mara mbili au tatu kwa muda mfupi sana. Mkondo huo hupanga upya usumaku wa chuma. Fundi akiisahau hatua hii, dainamo itatoa umeme wa upande usiofaa, na vigusio vya kisanduku vyaweza kuungua na kushikamana.

KUTOKA VOLTI 6 HADI VOLTI 12

Volkswagen nyingi zilizotengenezwa Wolfsburg, Ujerumani, hadi katikati ya miaka ya 1960 zilitumia umeme wa volti 6. Balbu na betri za volti 6 ni adimu, na wenye magari hayo wengi huhamia volti 12. Hapa jibu la swali la kwanza hubadilika, na majibu mengine yote hubadilika pamoja nalo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba waya za gari hazihitaji kubadilishwa kwa sababu ya mkondo. Balbu ya mbele ya wati 45 katika volti 6 hutumia ampea 7.5. Balbu ya wati 45 iliyotengenezwa kwa volti 12 hutumia ampea 3.75 tu. Mkondo umepungua kwa nusu, na joto la waya limepungua hadi robo. Waya zikiwa bado nzima, zitafanya kazi kwa raha kuliko zamani.

Vifaa vyenyewe, kinyume chake, huteswa. Kifaa chenye ukinzani usiobadilika kikipewa volti mara mbili, mkondo wake huwa mara mbili na nguvu yake huwa mara nne. Balbu zote hubadilishwa bila mjadala. Taabu huja kwa honi na mota ya waipa, ambazo umbo lake ni la gari lile tu na za volti 12 zenye umbo hilo hazipatikani.

Wengi hukimbilia kufunga kikinza, yaani waya yenye ukinzani, kati ya betri na mota. Tuseme mota ya waipa hutumia ampea 3 kwa volti 6. Ili volti 6 zilizozidi zibaki nje ya mota, kikinza chapaswa kuwa na omu 2, nacho kitatoa joto la wati 18, sawa na nguvu yote ya mota. Hesabu ni sahihi, lakini imefanywa kwa mota inayozunguka vizuri. Mota iliyosimama ni jambo jingine. Tuseme ukinzani wa koili zake ni omu 0.5. Kwa volti 6 halisi, mota ikiwa imesimama hupata ampea 12, na kwa nguvu hiyo husukuma hata waipa iliyokwama kwa matope. Ikiwa na kikinza, hupata volti 12 kugawanywa kwa omu 2.5, yaani ampea 4.8 tu. Waipa itafanya kazi vizuri katika gereji, kisha itakwama wakati wa mvua kubwa, dereva anapoihitaji kuliko wakati wote. Na inapokwama, kikinza hutoa 4.8 x 4.8 x 2, yaani wati 46 za joto, zaidi ya mara mbili ya ile hesabu ya kwanza. Kikinza kilichonunuliwa kwa wati 20 kitaungua hapo. Hili ndilo jibu la swali la tatu, na halionekani kwa anayepima mota inapozunguka tu.

Vipo vifaa vya elektroniki vinavyoshusha volti 12 hadi 6 bila kupoteza nguvu nyingi. Hivyo hufaa, mradi vichaguliwe kwa mkondo wa mota iliyosimama. Lakini njia iliyo bora zaidi imo mikononi mwa mafundi wanaosuka upya mota, ambao wamo katika miji mingi.

KUSUKA UPYA KOILI

Nguvu ya sumaku-umeme hutegemea idadi ya mizunguko ya waya mara mkondo unaopita. Fundi akitaka honi ya volti 6 ifanye kazi kwa volti 12, sharti ahifadhi zao hilo, pamoja na joto la koili, na pia nafasi ambamo koili hukaa. Mambo hayo matatu hutimizwa na kanuni moja: mizunguko iwe mara mbili, na eneo la mkato wa waya liwe nusu.

Uthibitisho wake ni mfupi. Mizunguko ikiwa mara mbili, urefu wa waya huwa mara mbili. Mkato wake ukiwa nusu, ukinzani wa kila mita huwa mara mbili. Kwa hiyo ukinzani wote huwa mara nne. Volti mara mbili zikigawanywa kwa ukinzani mara nne hutoa mkondo nusu. Mkondo nusu mara mizunguko maradufu ni nguvu ile ile ya sumaku. Volti maradufu mara mkondo nusu ni wati zile zile. Na urefu maradufu mara mkato nusu ni shaba ile ile kwa ujazo, kwa hiyo koili huenea mahali pake.

Uchukuliwe mfano wa koili ya honi yenye mizunguko 100 ya waya ya kipenyo cha milimita 0.6 na ukinzani wa omu 0.8. Kwa volti 6, vigusio vyake vikiwa vimefungana, hupitisha ampea 7.5 na kutumia wati 45. Zao la mizunguko na mkondo ni 750. Koili mpya itakuwa na mizunguko 200. Kipenyo cha waya hakigawanywi kwa 2, bali kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41, kwa sababu eneo la mkato hufuata mraba wa kipenyo. Hivyo waya mpya itakuwa ya milimita 0.42 hivi. Ukinzani utakuwa omu 3.2, mkondo ampea 3.75, nguvu wati 45, na zao litabaki 750. Honi italia kwa sauti yake ya asili.

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika kusuka mota, ingawa kazi yenyewe ni ngumu zaidi. Ganda la waya nyembamba huchukua sehemu kubwa zaidi ya nafasi kuliko ganda la waya nene. Kwa hiyo msukaji hana budi kubana mizunguko vizuri na kuipaka vanishi ya umeme ili isisuguane.

DAINAMO, ALTANETA NA TAA NYEKUNDU

Dainamo ya Lucas ya aina ya C40, iliyotumika katika magari mengi ya miaka ya 1960, hutoa ampea 22, yaani chini ya wati 300. Volti zake hupanda injini inapokwenda kasi na hushuka inapokwenda polepole. Kwa sababu hiyo kisanduku chake kina kidhibiti volti, na pia kina swichi ya sumaku ambayo mafundi huiita katauti. Katauti huitenga dainamo na betri wakati volti za dainamo zinapokuwa chini. Isipokuwapo, betri ingejimwaga katika dainamo usiku kucha.

Katauti ikifa, yaweza kubadilishwa kwa diodi, kwa kuwa diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Umbo lake halifanani kabisa na katauti, lakini kazi ni ile ile. Swali la pili lazima liulizwe hapa: joto huenda wapi? Diodi ya silikoni inayopitisha mkondo mkubwa hula karibu volti 1. Kwa ampea 22, hizo ni wati 22 za joto katika kitu kidogo kama karanga. Diodi isipofungwa juu ya bamba nene la alumini la kuipoza, itaungua. Aidha, kidhibiti sharti kipime volti upande wa betri, la sivyo betri itapungukiwa na volti ile iliyoliwa na haitajaa kamwe.

Wengine huondoa dainamo na kuweka altaneta ya ampea 45 au zaidi. Taa huwaka vizuri hata injini inapokwenda polepole. Lakini waya kuu ya chaji, iliyochaguliwa kwa ampea 22, sasa yaweza kubebeshwa mkondo zaidi ya mara mbili na joto zaidi ya mara nne. Ampmita ya zamani, ambayo mara nyingi husoma hadi ampea 30 tu, imo katika njia hiyo hiyo. Waya nene mpya sharti ivutwe moja kwa moja hadi betri.

Taa nyekundu ya dashibodi nayo ina siri yake. Dereva huiona kama taa ya onyo tu. Katika altaneta nyingi, mkondo mdogo unaopita katika taa hiyo ndio unaoanzisha usumaku wa altaneta. Balbu ya wati 2.2 hupitisha karibu ampea 0.18. Mtu akiiondoa na kuweka taa ndogo ya LED inayopitisha sehemu ndogo sana ya mkondo huo, altaneta yaweza kukataa kuchaji, na fundi atahangaika kuitengeneza altaneta isiyo na ugonjwa. Dawa ni kufunga kikinza kinachofaa sambamba na taa hiyo. Kipuri kimoja chaweza kuwa na kazi mbili, na ile isiyoonekana ndiyo muhimu zaidi.

INDIKETA NA KONDENSA

Kifaa cha kumetesha indiketa za zamani kina waya nyembamba ambayo hurefuka kwa joto na kufupika inapopoa, na hivyo hufunga na kufungua vigusio. Waya hiyo imepimwa kwa balbu mbili za wati 21, yaani mkondo wa ampea 3.5. Balbu zikibadilishwa kwa taa za LED, mkondo huwa mdogo mno, waya haipati joto la kutosha, na taa hazimeti.

Baadhi ya watu hufunga kikinza cha omu 6.9 kando ya kila taa ili kurudisha mkondo wa zamani. Taa zitameta, lakini kila kikinza kitatoa wati 21 kinapowaka na kuyeyusha plastiki iliyo karibu. Zaidi ya hayo, katika mpango wa awali balbu moja ikiungua mmeto hubadilika au husimama, na dereva hutambua. Kikinza huendelea kupitisha mkondo hata taa ikifa, na onyo hilo hutoweka. Kimeteshi cha elektroniki hufaa zaidi, mradi kifungwe kwa upande wake sahihi wa chanya na hasi.

Kondensa ya distributa hufundisha somo kama hilo. Thamani yake ni kati ya mikrofaradi 0.2 na 0.25, na kwa kuwa gari ni la volti 12, mtu hushawishika kuchukua kapasita ya redio iliyoandikwa volti 50. Lakini pointi zinapoachana, koili hurudisha volti mia kadhaa kwa muda mfupi sana. Kapasita ya volti 50 itatobolewa, na injini itazimika barabarani. Inayofaa ni ya utando wa plastiki, ya mikrofaradi 0.22 na volti 630, iliyofungwa imara mbali na joto la injini.

JARIBIO KWA DARASA

Kanuni ya kusuka upya yaweza kuthibitishwa bila gari. Huhitajika parafujo mbili kubwa za chuma zilizo sawa, waya ya shaba yenye ganda la vanishi kutoka katika transfoma mbovu, betri mbili za tochi, ampmita na pini. Parafujo ya kwanza husukwa mizunguko 300 ya waya ya milimita 0.20. Ya pili husukwa mizunguko 600 ya waya ya milimita 0.14. Kila mzunguko ukiwa na urefu wa sentimita 3 hivi, ukinzani wa koili ya kwanza utakuwa karibu omu 5, na wa pili karibu omu 20.

Koili ya kwanza hufungwa kwenye betri moja ya volti 1.5, na ya pili kwenye betri mbili zilizopangwa mfululizo, yaani volti 3. Wanafunzi wasome mkondo, wazidishe kwa idadi ya mizunguko, kisha wahesabu pini zinazoinuliwa na kila sumaku. Mikondo itakuwa karibu ampea 0.3 na 0.15, na sumaku mbili hizo zitakuwa na nguvu zinazokaribiana. Kisha koili ya kwanza ifungwe kwa muda mfupi kwenye volti 3 na kuguswa kwa uangalifu. Joto lake litaeleza kwa nini honi ya volti 6 haipaswi kuachwa katika gari la volti 12.

KULINDA GARI NA WATU

Wakati wa kazi yoyote ya umeme wa gari, waya ya betri iliyofungwa kwenye bodi hufunguliwa kwanza na hurudishwa mwisho. Sababu yake ni rahisi. Waya hiyo ikiwa imekwisha kuondolewa, spana ikigusa bodi na ncha ya pili kwa pamoja haitakamilisha njia ya umeme. Kinyume chake, cheche hutokea karibu na betri, na betri inayochaji hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka.

Mabadiliko yote yaandikwe: rangi za waya, thamani za vikinza, aina ya fyuzi, na upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko cha injini, kwa sababu mtu atakayelifungua gari miaka 20 baadaye atakiamini kitabu cha kiwanda, ambacho sasa hakisemi kweli. Kipuri kibovu nacho kisitupwe. Namba zake, mizunguko yake na unene wa waya yake ni maelezo ambayo huenda hayajaandikwa mahali pengine popote, na kwa hayo kipuri chenyewe chaweza kusukwa upya.

Fundi mwenye hekima huhifadhi sura ya kifaa cha zamani, na mara nyingi huficha kidhibiti cha elektroniki ndani ya kisanduku kile kile cha Lucas. Lakini anayefungua kisanduku hicho atakuta ndani yake kazi iliyofanywa kwa hesabu: volti zilizopimwa, mkondo uliokadiriwa, joto lililopewa njia ya kutokea, na fyuzi iliyo tayari kukatika kabla waya haijaungua.